Anti, kazi imekuja ila wanataka nichore kama dada yangu wa chuo

Shikamoo Anti,

Majibu yako nayasoma kimya kimya muda mrefu, sikuwahi kufikiria na mimi ntakuja kuandika, ila hili limenishinda na watu wa karibu nikiwaambia wananiona nadeka. Naomba jina langu lisitokee maana fani yetu watu ni wachache na tunajuana.

Mimi ni binti wa miaka 23, nyumbani Tanga ila sa hivi nipo Dar nasoma sanaa, mwaka wa mwisho, na upande wangu ni vielelezo, yaani picha za vitabu, magazeti, mabango, vitu kama hivyo. Baba ni fundi cherehani, mama anauza vitafunwa asubuhi, nina wadogo wawili wako sekondari. Bumu nilipata nusu nusu kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza najitafutia mwenyewe. Nachora watu kutoka kwenye picha wanazonitumia WhatsApp, elfu thelathini, hamsini kama anataka na fremu. Msimu wa harusi nachora wale bwana na bibi harusi wa kwenye kadi za mwaliko, na kaka yangu mmoja ana kiofisi cha kuprinti Kariakoo ananiletea wateja wa stika na nembo. Si kwamba nalala njaa, na mkono wangu uko fasta, mtu akiniambia bosi wao anastaafu kesho saa nne basi kesho saa tatu picha ipo.

Shida ilianza kwenye presentesheni. Tulipewa kuchora hadithi fupi ya watoto, kurasa nane, mtoto katumwa dukani kapotea njia. Nikaichora kwenye tableti, rangi zimekaa, mtoto ana macho makubwa na mashavu ya pinki, ile staili unayoiona Instagram kila siku, wenzangu walipiga makofi kabisa. Mwalimu akaja akasimama kwenye ukurasa wa tatu, pale mtoto anatoka nyumbani kwao, akakaa kimya muda mrefu. Akaniuliza, hii nyumba uliiona wapi? Ndo na mimi nikaiangalia. Nyumba ina bomba la moshi juu ya paa na uzio mfupi wa mbao mweupe. Sikuwa na jibu. Akauliza tena, na huyu mama amevaa kanga, mbona kanga yake haina jina? Darasa likacheka, akaenda kwa mwingine. Anti toka siku ile najua alichokuwa anamaanisha, kwamba sina kitu changu, mimi ni fotokopi.

Sasa kwetu ili umalize lazima ukabidhi potifolio na ripoti ya tafakuri, maneno elfu tatu hivi, ueleze umekua vipi kwenye ubunifu na umejifunza nini kuhusu kuifanya hii kazi kama kazi ya kulipwa. Nakaa mbele ya laptopu naandika "katika safari hii nimeipata sauti yangu", nafuta. Maana kila kazi iliyowahi kuniingizia hela iko kwenye mkono wa mtu mwingine, hii ya katuni za Kijapani, hii ya Kimarekani, hii kama Dada F.

Dada F (nimwite hivyo) alinitangulia chuoni. Yeye ndo alinifundisha kutumia tableti, na hii ninayotumia ni yake ya zamani, aliniachia alipomaliza na hakutaka hata mia. Alipotoka chuo akachora vitabu vitatu vya mfululizo wa hadithi za watoto, vile vya ziada vya shule ya msingi, kwa mchapishaji mmoja hapa mjini. Baadae picha zake zikaonekana kwenye kalenda ya huyo mchapishaji na kwenye jalada la kitabu kingine kabisa ambacho hakukichora, alipouliza akaambiwa asome mkataba wake vizuri, umeandikwa haki zote. Akagoma kuchora cha nne.

Juzi mhariri wa hukohuko kanipigia. Kaziona kazi zangu mtandaoni, anataka mimi nichore hicho cha nne, na cha tano tukielewana. Picha 24 na jalada, wiki sita, laki nane, nusu mwanzo nusu nikimaliza. Mtoto yuleyule, familia ileile, na kasema kwa mdomo wake "mkono uonekane uleule, wasomaji wasishtuke". Mkataba kanitumia, kurasa mbili, haki zote ipo palepale. Nikauliza jina langu litaandikwa? Kasema hilo tutaliangalia.

Laki nane Anti. Nadaiwa chuo, na bila kumaliza deni sifanyi mtihani wa mwisho. Kaka anasema chora, staili haina mwenyewe, usipochora wewe atachora mwingine. Rafiki yangu ninayekaa naye anasema nikichora nimemsaliti mtu aliyenipa tableti, tena kwa tableti hiyohiyo. Dada F sijamwambia. Nafungua chati yake naandika mambo dada, nafunga. Na hizo wiki sita ndo hizohizo za potifolio.

Kitu kingine sijamuonesha mtu, nina daftari nachorea kwenye daladala za Mbagala, kwa peni ya kawaida ya bluu. Watu wamesinzia, wanafunzi wamesimama, kuna konda nimemchora amebana noti katikati ya vidole zimekunjwa kwa urefu, na abiria anamnyooshea jero bila kumwangalia. Michoro michafu, mistari inatetemeka kwa sababu ya gari, haifanani na chochote ninachouza. Sidhani kama ina soko.

Nifanye nini Anti? Nichukue nimpoteze dada au niache nikose mtihani? Na kwenye hiyo ripoti niandike nini nisidanganye?

Mchoraji wa Mbagala

Anti anajibu

Marahaba mwanangu, na wala hudeki.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Imekuja kazi ya kukutoa kwenye deni. Inakutaka uchore kwa mkono wa mtu aliyekutendea wema, na anayeitoa ni yuleyule aliyegombana naye. Na imekuja wakati chuo kinakuuliza wewe kama mchoraji umekuwa nani. Hayo ni mambo matatu, yamekufikia wiki moja ndo maana yamejisokota yakawa swali moja, nichukue au niache. Mimi nadhani kila moja lina jibu lake, na majibu yanaweza yasifanane.

Naanza na mwalimu japo hukuniuliza. Nimeirudia ile sehemu ya barua yako nikitafuta mahali aliposema wewe ni fotokopi, sijapaona. Kwa maneno yako mwenyewe aliuliza vitu viwili tu, nyumba uliiona wapi na kanga mbona haina jina. Hilo neno fotokopi umeliweka wewe. Inawezekana kweli alimaanisha hivyo, mimi sikuwepo, na darasa likicheka mtu husikia zaidi ya kilichosemwa. Ila inawezekana pia alikuwa anauliza alichouliza. Nyumba hii umeiona wapi. Ni swali la macho. Staili hakuigusa wala hakusema mashavu yasiwe ya pinki.

Na lile la kanga mimi limenikaa sana. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, hakuna mama wa Tanga anayenunua kanga bila kusoma jina kwanza, na wewe umekulia hapohapo. Alafu fikiria anayekishika kile kitabu ni mtoto wa darasa la pili anayehangaika kuunganisha silabi. Akikuta kwenye picha maneno kwenye kanga ya mama, na kwenye ubao wa duka, na nyuma ya daladala, atayasoma yote, watoto wanapenda kusoma vitu ambavyo hawajaambiwa wasome. Hiyo ungeweza kuichora kwa macho makubwa ya Instagram au kwa peni ya bluu, staili isingekuzuia. Kilichokuwa kimepungua kwenye ule ukurasa kilikuwa ni kuangalia, na kuangalia unajua, maana kwenye daftari lako umemuona konda anavyokunja noti kwa urefu. Kuna watu wanapanda daladala miaka ishirini hawajawahi kuliona hilo.

Ningependa umfuate ofisini kwake umuulize alikuwa anamaanisha nini. Inaogopesha, najua, na anaweza kukujibu jambo ambalo hulitaki. Lakini sa hivi unaishi na hukumu ambayo hujui kama ilitolewa.

Nikigusa hapohapo kwenye staili, naona unaamini kwamba kukua ni siku utakapoupata mkono wako halisi, na mpaka siku hiyo yote unayofanya ni ya kuazima. Sina uhakika kama ndo inavyokwenda. Angalia pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanapochora na kuuza zile picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini akaja Dar, akawa anapaka rangi za kung'aa za madukani, zile za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi, mwishoni mwa miaka ya 60. Akafariki 1972 kwa risasi ya polisi, kwa hiyo muda wake wa kuchora ulikuwa miaka michache tu. Vijana aliowafundisha, wengi ndugu zake, walianza kwa kuchora kama yeye kabisa, mpaka 1990 wakaunda ushirika unaobeba jina lake. Ukienda leo utakuta chui anarudiwa kwa sababu mgeni anamnunua chui, na ukutani hapohapo utakuta mwingine kaichukua rangi ileile na yale madoa akaingiza hospitali, harusi, soko, foleni ya mjini. Wote walianzia mkono mmoja. Waliotoka pale mlangoni hawakukaa wakingoja staili ishuke, walileta vitu walivyoviona.

Au George Lilanga, wa Masasi, aliyezaliwa 1934. Alianza mchongaji wa vinyago kama Wamakonde wengine, alipofika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, yale mashetani yake ya kwenye mti akaanza kuyahamishia kwenye rangi, na yakabadilika kwa sababu kisu na brashi haviendi sawa. Nakutajia huyu kwa ajili ya daftari lako. Unasema mistari inatetemeka haifanani na unachouza. Sasa peni ya bluu kwenye gari linalotikisika itafananaje na tableti?

Ila nisikufurahishe sana. Upande wa pili upo, kuna watu walisema nachora hivi kwa muda tu nilipe kodi, hela ikawa inaingia kwa staili hiyo, wateja wakawa wanakuja kwa staili hiyo, miaka kumi ikapita na mkono umeganda hapo. Hofu yako si ya kijinga. Na kuhusu soko la yale ya daladala, hujui wala mimi sijui, maana hakuna aliyeyaona. Hata hivyo mbona lazima yawe na soko? Unauza karibu kila mstari unaouchora. Unaweza ukaamua kuna mmoja hauuzwi. Unaweza pia ukaamua kumuonesha mtu mmoja, usianze na Instagram, pale Nafasi Art Space, kituo cha sanaa Mikocheni, wanapita wachoraji wa kila aina, chagua mmoja mwenye mdomo wa upole.

Sasa tuje kwenye karatasi, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo vijana wanapoumia.

Kwanza chukua kalkuleta. Laki nane kwa picha 24 na jalada, hiyo ni 25. Elfu thelathini na mbili kwa picha. Mwanangu, ni bei yako ya picha ya WhatsApp ya bosi anayestaafu! Ile unaimaliza usiku mmoja, hairudishwi, na anayeichukua anaining'iniza sebuleni basi. Hii ina nyumba, ina miti, ina watu watano, unaleta rafu, yaani mchoro wa mwanzo, mhariri anasema mbuzi asogee kushoto, unarudia, mwisho unakabidhi na haki zote hata za kalenda za miaka ambayo haijafika. Sikwambii ni kidogo kwa hiyo kataa. Hela inayokuja kwa mkupuo ina thamani yake, hasa mwenye deni akiwa na tarehe. Ila kazi hii usiione kama laki nane dhidi ya sifuri. Kwa bei zako ni kama picha ishirini na saba za WhatsApp. Je kwa wiki sita unazipata? Kama msimu wa harusi upo labda, kama haupo labda hapana, wewe ndo unajua simu yako inavyolia.

Pili, kaka yako kasema staili haina mwenyewe. Kapatia nusu. Sheria yetu ya hakimiliki, ile ya 1999, inalinda kazi yenyewe iliyochorwa, hailindi wazo wala namna ya kuchora, kwa hiyo mashavu ya pinki na mstari mnene ni vya kila mtu. Lakini wewe hujaombwa mashavu ya pinki peke yake, umeombwa mtoto yuleyule, mama yuleyule, nyumba ileile. Ukianza kukopi kutoka kwenye michoro ya mtu tumeshatoka kwenye staili, tupo kwenye kazi yake. Kama Dada F alizisaini hizo haki kwa mchapishaji basi mchapishaji anaweza kuwa na ruhusa ya kukupa. Kama hakuzisaini zote, jambo linageuka. Huwezi kujua bila kujua mkataba wake ulisema nini, na hilo si la kukisia. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo Dar hapahapa, nenda na hizo kurasa mbili wakuelekeze, usitegemee mimi wala kaka wa Kariakoo.

Tatu, "hilo tutaliangalia". Haki ya mchoraji kutajwa kwamba kazi ni yake ipo kwenye sheria hiyohiyo, huombi zawadi. Na mkataba kutumwa haimaanishi umeshafungwa, ni maneno ya upande mmoja yakisubiri ya kwako. Mtu anaweza kurudisha mkataba akasema nakubali bei ila naomba tuandike picha ni za kitabu hiki, matumizi mengine tunaelewana upya na yanalipwa. Naomba jina langu ukurasa wa mwanzo. Masahihisho yawe mara mbili, ya tatu yana hela yake. Mkisitisha kazi katikati, nusu ya mwanzo hairudi. Naomba niruhusiwe kuziweka kwenye potifolio, hili usilisahau maana ukisaini haki zote kimyakimya unaweza ukashindwa kuonesha kazi ya wiki sita kwenye mtihani wako mwenyewe. Unaweza hata kusema mtoto nitamuweka atambulike ila mkono uwe wangu, nikuleteeni kurasa mbili muone. Hatari zipo. Wanaweza kusema binti ana maneno mengi wakampigia mwingine, na mwingine yupo, kaka yako hajakosea. Wanaweza kukubali jina wakakataa matumizi. Na hizo kurasa mbili za majaribio wakikupiga chenga umefanya kazi bure. Ndo maana jua kabla hujapiga simu ni kipi ukikikosa bado utachora, na kipi ukikikosa utaacha. Usiende kukitafutia hapohapo kwenye simu.

Kuchukua kama ilivyo pia ni njia, watu wamefanya hivyo wakalipa madeni na maisha yakaendelea. Inakugharimu wiki sita za potifolio na pengine siku moja utaamka ukute picha zako kwenye daftari za madukani. Kuiacha pia ni njia, ila kabla hujaiacha wala kuichukua kwa sababu ya mtihani, umewahi kwenda kwa mhasibu wa chuo kuuliza kama deni linaweza kulipwa kwa awamu? Barua yako haijasema. Labda ulishakataliwa. Kama hujauliza, kauliza, maana kama kuna nafasi hapo basi hili swali linakuwa na pumzi nyingine kabisa.

Dada F sasa. Hapa nimeona umeshaijua hasira yake kabla hajakasirika. Rafiki yako anasema usaliti, sawa, ila rafiki yako si Dada F. Yeye aligoma masharti, sijasikia popote kwamba alisema kitabu kisichorwe na mtu. Inawezekana akifikiria atachagua wewe kuliko mgeni. Inawezekana pia bado anavutana nao kuhusu ile kalenda, na kitabu cha nne ndo kitu pekee alichobaki nacho mkononi, wewe ukikichora amebaki mikono mitupu. Hilo likiwa kweli ungependa ulijue kabla ya kusaini au baada? Na ana taarifa ambazo hakuna mwingine atakupa, kama nusu ya pili walimlipa kwa wakati, masahihisho yalikuwa mangapi, nani pale ndani anasikiliza.

Kabla hujamwandikia amua kitu kimoja, unaenda kuomba ruhusa au unaenda kumwambia. Ukiomba ruhusa uwe tayari kupokea hapana na kuiheshimu. Kama hauko tayari, usivae sura ya kuomba, mwambie tu dada nimepigiwa kuhusu kile kitabu, sijajibu, sikutaka ulisikie pengine, na naomba uniambie yaliyokukuta. Kwa simu, sio kwa meseji, au mfuate kabisa. Tableti isikufunge mdomo, alikupa uchore, hakukununua, ila pia isikufanye ujione huna cha kumwambia. Anaweza kukaa kimya wiki nzima. Wakubwa wenu wa chuo nao ni watoto bado, mpe nafasi ya kukasirika akitaka.

Imebaki ripoti. Hapa nitasema kidogo maana nadhani umeshaiandika bila kujua. Wamekuuliza umekua vipi na umejifunza nini kuhusu kazi ya kulipwa, hawajakuuliza kama umefika. Bomba la moshi kwenye nyumba ya mtoto wa Kitanzania, hilo ni ukurasa mzima, limetoka wapi, uliliona kwenye picha za nani mpaka likaingia mkononi bila wewe kujua. Kanga. Daladala, kwa nini kule unaona na kwenye tableti huoni. Bei ya elfu thelathini na mbili. Mkataba wa kurasa mbili na maneno yake mawili, utakavyoyajibu, vyovyote utakavyoyajibu. Ukiandika hayo hutahitaji kusema umeipata sauti. Angalizo moja, usimtaje mchapishaji wala Dada F, fani ndogo kama ulivyosema, na kisa cha kalenda ni cha kwake, muulize kama unaweza kukigusa hata bila jina. Na kamuombe mwalimu vigezo vya kusahihishia, maana wapo wasahihishaji wanaopenda hadithi iliyonyooka, mwanzo sijui mwisho najua, ujue mapema unamwandikia nani.

Mhariri kama anakupigia kila siku mwambie unausoma mkataba na utamjibu Ijumaa, taja siku. Mtu wa vitabu amezoea kungoja. Alafu ukishaongea na Dada F niandikie alisema nini, hata kama hakusema kitu. Wasalimie Tanga.